Barua ya Wazi kwa Wanaogharimia na Kudhibiti Dawa: Tuulizeni Dawa Imefika Wapi

Kwa wakurugenzi wa mifuko ya utafiti wa tiba, wakuu wa mamlaka za udhibiti wa dawa, na mawaziri wenye dhamana ya afya.

Waheshimiwa,

Mimi ni mfamasia niliyehamia maabara. Kazi yangu ni kutengeneza vibeba dawa, yaani chembe ndogo mno za mafuta, protini au polima zinazochukua dawa na kuifikisha mahali ambapo yenyewe haifiki. Fomu zenu za kuomba ruzuku na miongozo yenu ya usajili hutuuliza mengi: kibeba kina ukubwa gani, kinachukua dawa kiasi gani, kinadumu kwenye damu saa ngapi, kinaua seli kiasi gani kwenye sahani ya maabara. Swali ambalo lingepaswa kutangulia yote hayo mara nyingi halimo, au limewekwa mwishoni bila uzito. Kati ya dawa yote iliyoingia mwilini, kiasi gani kilifika ndani ya tishu yenye ugonjwa, kikiwa huru kufanya kazi yake?

Naomba mlifanye swali hilo kuwa sharti la fedha zenu na la vibali vyenu.

Kutofika kwa dawa kumeshagharimu uhai wa watu, na mfano ulio wazi kuliko yote ni ugonjwa wa malale. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o huanza kwenye damu na limfu, kisha huingia kwenye ubongo. Pentamidini na suramini ziliviua vikiwa bado kwenye damu, lakini hazikuvuka kuingia kwenye ubongo kwa kiasi cha kutibu. Mgonjwa aliyechelewa kugunduliwa alidungwa melasoprol, dawa yenye aseniki iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilichoma mishipa ikiingia, na takriban 5% ya waliotibiwa waliuawa na dawa yenyewe. Madaktari waliijua hatari hiyo, wakaendelea kuitumia kwa miongo mingi kwa sababu moja tu: ilifika. Ni mwaka 2018 ndipo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipotoa maoni ya kuiridhia feksinidazoli kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati. Hivyo ni vidonge vya siku 10, vinamezwa, vinafika hadi kwenye ubongo.

Feksinidazoli haina kibeba chochote. Naitaja makusudi, kwa sababu sitaki barua hii isomwe kama ombi la mtengeneza vibeba anayetafuta fedha za vibeba. Pale molekuli inapoweza kufika yenyewe, iachwe ifike yenyewe. Ninachokitetea ni kufika, na kibeba kina haki ya kugharimiwa pale tu kinapothibitisha kwamba bila yeye dawa isingefika.

Ubongo una mamia ya kilomita za mishipa myembamba ya damu, na karibu kila seli yake ya neva iko umbali wa mikroni kama 20 tu (mikroni ni sehemu 1 kwa 1,000 ya milimita) kutoka kwenye damu inayopita. Hata hivyo dawa nyingi hupita hapo na kuondoka. Mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich aliona dalili za jambo hili mwaka 1885, alipodunga rangi kwenye damu ya wanyama na viungo vikapakwa rangi isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Edwin Goldmann alidunga rangi kwenye maji ya ubongo, na safari hiyo ubongo ndio uliopakwa rangi huku mwili mwingine ukibaki kama ulivyo. Leo tunajua sababu. Seli za kuta za mishipa ya ubongo zimeshikamana bila kuacha upenyo, na zina pampu zinazorudisha kwenye damu kemikali nyingi zinazothubutu kuingia. Kingamwili ikidungwa kwenye mshipa, kiasi kinachoonekana kwenye ubongo ni kama sehemu 1 kwa 1,000 ya kilichopo kwenye damu. Ndiyo maana nusinaseni, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa watoto na watu wazima wanaodhoofika misuli kwa kurithi, hutolewa kwa sindano ya mgongoni, na baada ya dozi za mwanzo sindano hiyo hurudiwa kila miezi minne. Mtoto anatobolewa mgongo kwa sababu sisi hatujaweza kuipitisha dawa hiyo njia nyingine.

Lakini kufika kunawezekana, na ushahidi mnao. Amfoterisini B ni dawa ya zamani ya fangasi. Mfamasia yeyote aliyewahi kuitayarisha wodini anaijua: haichanganywi na maji ya chumvi kwa kuwa huganda, mgonjwa hutetemeka kwa baridi inapoingia, figo huharibika, potasiamu hushuka. Kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, inayowaua watu wenye VVU iliyokomaa, ilibidi itolewe siku nyingi mfululizo. Ikafungiwa ndani ya liposomu, yaani vifuko vya mafuta ambavyo Alec Bangham na wenzake walivieleza miaka ya 1960. Katika jaribio lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022, dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge vya wiki mbili, ililinganishwa na dozi za kila siku kwa siku saba za ile ya zamani. Katika wiki 10, waliofariki walikuwa 24.8% kwa dozi moja na 28.7% kwa matibabu ya zamani, na madhara makubwa yalipungua. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka huohuo.

Kuna funzo ndani ya jaribio hilo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Dawa hii haionekani kwa wingi kwenye maji ya uti wa mgongo, iwe kwenye liposomu au nje yake. Mtu aliyepima maji hayo peke yake angeitupa kapuni. Waliochukua tishu ya ubongo wa sungura na kuipima yenyewe ndio walioona kwamba amfoterisini ya liposomu ilijikusanya humo kuliko aina nyingine za dawa hiyohiyo. Maji ya uti wa mgongo yamo jirani na ubongo, ila si ubongo, na damu iko mbali zaidi. Tunapowaletea vipimo vya damu tu, mnatakiwa kuturudisha maabara.

Sasa niseme jambo linalotuuma sisi wenyewe watafiti. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha doksorubisini, dawa ya saratani, ikiwa ndani ya liposomu, na tangu hapo imani kubwa imekuwa kwamba chembe ndogo zikiachwa zizunguke kwenye damu muda mrefu zitavuja zenyewe na kujikusanya kwenye uvimbe wa saratani, kama watafiti wa Japani Matsumura na Maeda walivyoeleza mwaka 1986. Mwaka 2016 kikundi cha Warren Chan cha Toronto kilikusanya tafiti za miaka 10 zilizopima jambo hili kwenye wanyama. Kiwango cha kati cha dozi kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa 0.7%. Sehemu kubwa ya chembe za aina hii huishia kwenye ini na wengu, kwa sababu viungo hivyo vimeumbwa kuchuja damu na kukamata kila kigeni. Wapo wanaobishana na jinsi hesabu hiyo ilivyofanywa, na mjadala wao ni wa haki. Mimi linanisumbua jambo jingine: ilichukua miaka 30 mtu kukaa chini na kujumlisha.

Ini, kwa kweli, ndilo lililotupa ushindi wetu mwepesi. Patisirani, dawa ya RNA (molekuli ya jamii ya vinasaba) iliyoidhinishwa mwaka 2018, husafiri ndani ya chembe za mafuta ambazo zikiingia kwenye damu huvikwa protini ambayo seli za ini huipokea kila siku. Chembe za jamii hiyo ndizo zilizobeba chanjo za RNA za UVIKO-19. Ni mafanikio makubwa na nayaheshimu. Hata hivyo yametufundisha kufika mahali panapofikika, na fedha nyingi zimefuata njia hiyohiyo kwa kuwa matokeo huja haraka. Gegedu ya goti (tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo), kiini kilichooza cha kidonda cha kifua kikuu kwenye pafu, uvimbe mgumu wa kongosho, sikio la ndani: huko ndiko tunakosubiriwa.

Nizungumzie gegedu kwa kirefu kidogo, kwa sababu inaonyesha vizuri kazi hii ilivyo. Haina mishipa ya damu hata mmoja. Ni mtandao mzito wa nyuzi za kolajeni, na katikati ya nyuzi kumejaa molekuli zenye chaji hasi zinazovuta maji. Seli zinazohitaji dawa zimetawanyika ndani kabisa ya mtandao huo. Dawa ikidungwa kwenye goti, majimaji ya kiungo huiondoa upesi, na nyingi hutoweka kabla haijaingia popote. Chembe kubwa hazipenyi kabisa. Wahandisi wakaona kwamba ile chaji hasi, iliyodhaniwa kuwa kizuizi, inaweza kutumiwa: kibeba kidogo chenye chaji chanya kitavutwa kuingia. Ila chaji ikizidi, kibeba hung'ang'ania tabaka la juu na hakiendi zaidi. Ni sawa na mchukuzi aliyefika mlangoni akakataa kutua mzigo. Mwaka 2018 kikundi cha Paula Hammond na Alan Grodzinsky huko MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kilieleza kibeba ambacho chaji yake ilikuwa imepunguzwa kwa makusudi hadi kikaweza kushika na kuachia, kushika na kuachia, kikizama. Kilipenya gegedu ya ng'ombe yenye unene unaokaribia wa binadamu kwa siku 2, na kwenye magoti ya panya kikaongeza takriban mara 10 muda wa dawa kubaki kwenye kiungo.

Kwenye ubongo watafiti wameigundua siri ileile ya kushika na kuachia kwa njia tofauti kabisa. Kuta za mishipa ya ubongo zina kipokezi cha transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, na kipokezi hicho huingiza madini ya chuma, na kibeba kinaweza kukidandia. Mwaka 2011 watafiti wa kampuni ya dawa ya Genentech walionyesha kwamba kingamwili inayokishika kipokezi hicho kwa nguvu nyingi hunasa kwenye ukuta wa mshipa, na inayokishika kwa wastani ndiyo inayovuka kwa wingi na kuachiliwa upande wa pili. Mwaka 2021 Japani ikaidhinisha pabinafusp alfa kwa ugonjwa wa Hunter, ugonjwa adimu wa kurithi wa upungufu wa kimeng'enya; ni dawa inayovuka kwa kutumia kipokezi hichohicho. Nawaomba mlitazame jambo hili kwa jicho la mtoa fedha. Kwenye sahani ya maabara, kibeba kinachoshika sana ndicho kinachong'aa, ndicho kinachopata picha nzuri ya ombi la ruzuku. Ndani ya tishu, huenda ndicho kinachoshindwa. Vigezo vyenu vya sasa vinaweza kuwa vinachagua walioshindwa, tena kwa uangalifu mkubwa.

Kuna hesabu moja ambayo kila jopo la tathmini lingepaswa kuwa nayo mezani. Kitu kinachoenea ndani ya tishu bila kusukumwa na mkondo wowote huchukua muda unaokua kwa mraba wa umbali. Tishu ikiwa nene mara 10, muda unakuwa mara 100. Gegedu ya panya ni nyembamba mno ikilinganishwa na ya mtu. Kibeba kinachovuka gegedu ya panya kwa saa moja kinaweza kuhitaji siku kadhaa kwa binadamu, na siku hizo hakipewi, maana majimaji ya kiungo yanakiondoa. Kwa hiyo ushahidi wa panya peke yake, kwa tishu za aina hii, hautoshi hata kama takwimu zake ni safi. Vipande vya gegedu vinavyotolewa watu wanapobadilishiwa goti hutupwa kila siku hospitalini. Kwa ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili, vingetuambia mengi kuliko panya mia.

Msidhani kwamba kubomoa kizuizi ni njia ya mkato. Uvimbe wa kongosho umezungukwa na tishu ngumu yenye asidi ya hayaluroniki inayobana mishipa ya damu. Kimeng'enya cha kuiyeyusha kiliwapa panya nafuu ya kutia moyo. Katika jaribio kubwa kwa wagonjwa, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019, kuongeza kimeng'enya hicho kwenye matibabu ya kawaida hakukuwaongezea watu maisha. Tulifungua njia, na kufungua njia hakukuthibitisha kwamba dawa ilipita na kufanya kazi.

Je, kupima ndani ya tishu ya mtu kunawezekana? Kumeshafanyika. Mwaka 2015 Véronique Dartois na wenzake walichapisha utafiti wa mapafu ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakikatwa sehemu iliyoharibika kwa sababu za matibabu. Walipewa dawa kabla ya upasuaji, kisha vipande vya tishu vikachorwa ramani kwa mashine inayotambua aina za molekuli mahali zilipo. Ilionekana kwamba moksifloksasini, mojawapo ya dawa hizo, ilijaa kwenye duara la seli linalozunguka kidonda, lakini haikuenea vizuri kwenye kiini kilichooza, ambako baadhi ya bakteria hujificha. Rifampisini na pirazinamidi, dawa nyingine za kifua kikuu, ziliingia humo. Kipimo cha damu kisingewaambia hilo kamwe, na hata kipimo cha kidonda kizima kilichosagwa kingewadanganya, kwa kuwa wastani ungeficha kwamba katikati kumebaki pakavu.

Kwa hiyo, waheshimiwa wa mifuko ya utafiti: msitoe awamu ya pili ya fedha kwa mradi wowote wa kibeba usiokuwa na kipimo cha dawa iliyo huru ndani ya tishu lengwa, kwa nyakati kadhaa, pamoja na kiasi kilichoishia kwenye ini, wengu na figo. Nasema dawa iliyo huru kwa sababu liposomu iliyofika ikiwa bado imefunga mzigo wake haijatibu chochote. Gharimieni kazi ya kupima kama mnavyogharimia kazi ya kubuni. Anayechora ramani ya dawa kwenye tishu ya mtu hana hataza ya kuuza mwishoni, na mara nyingi hulazimika kuficha kazi yake ndani ya bajeti ya mradi wa mwingine. Na wekeni kwenye mikataba kwamba vibeba vilivyoshindwa kufika vitachapishwa, pamoja na namba zake. Leo kila maabara inarudia kushindwa ambako jirani yake alishakuona na kukunyamazia.

Waheshimiwa wa mamlaka za dawa: andikeni wazi ni ushahidi gani wa kufika mtaukubali kwa kila tishu, ili kampuni isikisie. Fanyeni hivyo pia kwa nakala za bei nafuu za dawa hizi. Doksorubisini ya liposomu ilikaa miaka 18 kabla Marekani haijaidhinisha nakala yake ya kwanza mwaka 2013. Amfoterisini ya liposomu iliidhinishwa huko mwaka 1997, na nakala ya kwanza ikaja mwaka 2021. Ni kweli kwamba liposomu mbili zenye viambato sawa zinaweza kutenda tofauti mwilini, na tahadhari ni lazima. Lakini njia ya kuthibitisha usawa ikiwa ya giza, wanaongoja ni wagonjwa.

Nanyi waheshimiwa mawaziri: dozi moja ya amfoterisini ya liposomu iliponya vizuri kala-azari, ugonjwa wa vimelea, nchini India, vimelea vyake vikiwa ndani ya seli zilezile za ini na wengu zinazokamata liposomu. Ilipojaribiwa Sudan na Ethiopia kwa dozi moja, haikutosha, na jaribio likasitishwa. Dawa ileile, kibeba kilekile, watu wengine na vimelea vya kwingine. Mkinunua dawa hizi, daini majaribio yaliyofanywa kwa watu mnaowahudumia, na toeni maabara na vibali vya kuyafanya. Msikubali kuambiwa kwamba ilifika kwa wengine, basi kwenu pia itafika.

Niko tayari kufika mbele ya jopo lolote kati yenu, nikiwa na data zangu, zikiwemo za vibeba vyangu ambavyo havikufika. Awamu yenu ijayo ya maombi ikifunguliwa, wekeni swali hili kwenye ukurasa wa kwanza, na mtunyime fedha tukishindwa kulijibu.

Wenu mtiifu,

Mfamasia na mtafiti wa vibeba dawa